PAJA LAKO LINA KILO NGAPI?

Uzito wako unaujua. Hata kama huna mzani nyumbani, walikupima mara ya mwisho ulipokwenda hospitali, au umewahi kupanda mzani wa yule kijana anayekaa nao kando ya barabara. Sasa nijibu hili: paja lako la kulia, peke yake, lina kilo ngapi?

Usicheke. Swali hili limewakosesha usingizi wataalamu kwa zaidi ya miaka mia tatu. Ugumu wake unaonekana mara moja: paja huwezi kuliweka kwenye mzani bila mwenye paja kuja nalo. Ukilikata utapata jibu safi kabisa, ila utakuwa umempoteza mtu uliyetaka kumpima. Hata hivyo kuna jibu, lina tarakimu na desimali, na limo ndani ya programu za kompyuta zinazotumika duniani kuchunguza mwendo wa wagonjwa, wanariadha na watu waliokatwa miguu. Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo nikiona tarakimu yenye desimali mbili huwa nauliza swali moja tu: nani kakuambia? Nimefuatilia, na hadithi yenyewe ina maiti wengi kuliko nilivyotegemea.

Kwanza tuelewane kwa nini mtu mwenye akili timamu atake kujua uzito wa paja.

Tuseme daktari anataka kufahamu goti la mgonjwa linabeba nguvu kiasi gani anapotembea. Ukiacha wagonjwa wachache sana waliowekewa viungo bandia vyenye vipima nguvu ndani yake, hakuna namna ya kuchungulia humo. Kinachofanyika ni hesabu. Mtu anatembea mbele ya kamera, anakanyaga bamba linalopima nguvu ya wayo wake dhidi ya sakafu, kisha wataalamu wanaanzia chini kwenda juu: wayo, muundi, paja. Kila kipande kinatendewa kama kitu kigumu kinachofuata kanuni za Newton, zile zile za sekondari. Nguvu ni masi mara mchapuko. Mchapuko unatoka kwenye kamera. Masi je? Hapo ndipo mambo yanapoanza.

Na si masi peke yake. Kila kipande kinadaiwa mambo matatu: kina kilo ngapi, kitovu chake cha uzito kiko wapi, na kinakataa kiasi gani kuzungushwa. Hilo la tatu wanafizikia wanaliita momenti ya inesha. Kama jina linakutisha, chukua mchi wa kutwangia. Ushike katikati, uzungushe kulia na kushoto: unakubali. Sasa ushike ncha moja uuzungushe wote kwa mkono mmoja. Uzito haukubadilika hata gramu, ila mkono wako umeshapata habari. Mguu nao ni hivyo hivyo. Kilo moja iliyo karibu na nyonga na kilo moja iliyo kwenye kifundo cha mguu ni kilo mbili tofauti kabisa.

Haya, turudi nyuma.

Wa kwanza kulishika jambo hili kwa mikono yake ni Mwitaliano Giovanni Alfonso Borelli, aliyezaliwa Naples mwaka 1608. Kitabu chake kuhusu mwendo wa wanyama kilitoka mwaka 1680 na 1681, mwenyewe akiwa ameshafariki mwaka 1679. Borelli alichukua ubao, akauweka juu ya ukingo mkali kama bembea ya watoto, akamlaza mtu juu yake na kumsogeza mpaka ubao ukatulia bila kuinama upande wowote. Pale chini ya mtu palipo na ukingo ndipo palipo kitovu chake cha uzito. Akakikuta maeneo ya kiunoni, kati ya makalio na kinena. Ndiyo hivyo tu. Hakuna mashine.

Njia hiyo imerahisishwa baadaye na inafundishwa hadi leo. Unahitaji ubao wa mita mbili na mzani wa bafuni. Ncha moja ya ubao ipumzike kwenye kitu chembamba, ncha nyingine juu ya mzani. Nimeifanya na jirani yangu, mtu mwenye subira, kilo 60, urefu wa mita 1.70. Alilala chali, nyayo zikiwa sawasawa na ile ncha nyembamba, kichwa upande wa mzani. Tulipoondoa uzito wa ubao mzani ulisoma kilo 28. Hesabu ni nyepesi: 28 mara mita 2, gawanya kwa 60, unapata mita 0.93. Kitovu chake cha uzito kiko sentimeta 93 kutoka kwenye nyayo, yaani asilimia 55 ya urefu wake. Ndivyo vitabu vinavyosema kwa watu wengi.

Kisha nikamwomba ainue mguu wa kulia wima kuelekea dari. Mzani ulipanda kwa kilo 1.9. Hapo nikadhani tumeshika siri yote, kumbe sivyo. Kile mzani ulichoniambia ni kwamba masi ya mguu mara umbali ambao kitovu cha mguu kilisogea ni 3.8. Basi. Mguu wa kilo 10 uliosogeza kitovu chake sentimeta 38 unatoa 3.8. Mguu wa kilo 9.5 uliosogeza sentimeta 40 nao unatoa 3.8. Ubao haujui tofauti. Ili utenganishe viwili hivyo lazima kimoja ukijue kutoka mahali pengine, na mahali pengine penyewe, kwa muda mrefu, palikuwa mochwari.

Nawapita haraka ndugu wawili wa Kijerumani, Wilhelm na Eduard Weber, walioandika kitabu chao cha mwendo wa binadamu mwaka 1836. (Wilhelm ndiye yule ambaye jina lake limekuwa kipimo cha sumaku.) Waliuboresha ubao wa Borelli na wakadai mguu unapokuwa hewani unabembea wenyewe kama pendulamu ya saa, misuli ikiwa imepumzika. Dai zuri, ila subirini.

Mwaka 1860 huko Munich, Emil Harless akafanya kile ambacho wenzake walikikwepa. Alikata. Maiti wake walikuwa wanaume wawili waliokatwa vichwa kwa hukumu ya serikali. Akawagawa kwenye viungo, akapima kila kipande, akatafuta kila kipande kinasimama mizani wapi. Ukilifikiria, jedwali la kwanza la uzito wa viungo vya binadamu limetokana na watu ambao hakuna aliyewauliza kitu. Naliandika hapa kwa sababu vitabu vya baiomekaniki vikimtaja Harless humtaja kwa mstari mmoja na kusonga mbele.

Halafu wanakuja watu wawili ambao kwangu mimi ndio kiini cha hadithi yote: Wilhelm Braune, mwanaanatomia wa Leipzig, na Otto Fischer, mwanahisabati aliyekuwa kijana wakati huo. Braune alikuwa ameshajipatia jina kwa ufundi wa kugandisha maiti na kuzikata vipande vyembamba ili kuchora ramani ya ndani ya mwili. Sasa akautumia ufundi huo kwa jambo jingine.

Walichukua maiti tatu za wanaume wazima wenye misuli, watu waliojiua. Wakazigandisha mpaka zikawa ngumu kama jiwe, maana mwili uliolegea ukiuning'iniza damu na matumbo vinahama na kitovu cha uzito kinahama navyo. Kisha wakapigilia fimbo za chuma kupenya mwilini, wakauning'iniza mwili kwenye fimbo hizo kwa upande mmoja, halafu upande mwingine, halafu wa tatu. Kila mwili unapotulia, kitovu cha uzito kiko chini ya mahali uliponing'inizwa. Pale njia tatu zinapokutana ndipo penyewe. Walipomaliza mwili mzima, wakaukata kwenye viungo na kurudia zoezi lile lile kwa kila kipande. Paja, muundi, wayo, mkono, kichwa. Kwa msumeno, kwenye barafu.

Matokeo yalitoka mwaka 1889. Na kichwa cha kazi hiyo hakisemi mambo ya hospitali. Kinasema kwamba ni uchunguzi wa kitovu cha uzito wa mwili wa binadamu kwa kuzingatia zana za askari wa miguu wa Ujerumani. Mkoba, bunduki, risasi: vifungwe wapi ili askari asianguke mbele wala nyuma na asichoke mapema? Walimpiga picha askari mzima akiwa uchi na akiwa na mzigo wote, katika mikao mbalimbali, kisha wakazihamishia picha hizo vipimo vya wale marehemu wa barafu. Mwaka huo huo wa 1889 upande wetu huku, Abushiri alinyongwa Pangani, tarehe 15 Desemba, kwa kupigana na Wajerumani. Sisemi maiti za Leipzig zilihusika na kamba ya Pangani. Nasema tu kwamba dola iliyokuwa inawagharamia askari wake waende mbali ilikuwa na sababu ya kutaka kujua mkoba ukae wapi mgongoni.

Braune alifariki mwaka 1892. Fischer akaendelea na kazi kubwa zaidi, mwendo wa binadamu, iliyochapishwa kwa awamu kati ya 1895 na 1904. Askari alivalishwa mirija ya kioo yenye gesi inayowaka kwa umeme, imefungwa kwenye viungo vyake vyote. Kumvalisha tu kulichukua saa 6 hadi 8. Kutembea kwenyewe kulikuwa kwa sekunde chache, gizani, mirija ikiwaka na kuzimika kama mara 26 kwa sekunde mbele ya kamera nne. Safari mbili bila mzigo na moja akiwa na zana zote. Baada ya hapo ni miaka ya hesabu kwa kalamu. Leo simu yako inaweza kumaliza hesabu hizo kabla hujapiga mwayo, lakini jamaa alizifanya, na mwishoni akaonyesha kuwa ndugu Weber walikosea. Mguu ulioko hewani haubembei wenyewe. Misuli inafanya kazi. Asingeweza kulithibitisha hilo bila kuujua uzito wa muundi, na uzito wa muundi alikuwa nao kutoka kwa watu watatu waliokata tamaa na maisha.

Baada ya hapo turuke vita viwili vya dunia.

Mwaka 1955, mwanaanatomia Wilfrid Dempster wa Chuo Kikuu cha Michigan alitoa ripoti kwa ajili ya jeshi la anga la Marekani. Walichotaka ni kujua rubani aliyeketi anahitaji nafasi kiasi gani, mkono wake unafika wapi, mwili wake unatupwaje ndege ikiyumba. Dempster alipata maiti 8. Wote wanaume, wote wazungu, wote wamevuka miaka 50, na wengi wamekondeana. Alikata kwenye viungo, akapima, akazamisha vipande majini kama Archimedes ili ajue ujazo wake, akavibembeza kama pendulamu ili muda wa kubembea umwambie momenti ya inesha. Kazi safi sana, hata leo ukiisoma unaona mtu hakulipua.

Ila angalia kilichotokea baadaye. Jedwali la Dempster likaingia kwenye kitabu cha David Winter wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1979, na kitabu hicho kikawa msahafu wa fani. Humo paja ni asilimia 10 ya mwili, muundi 4.65, wayo 1.45. Mwanafunzi akitaka kumchunguza binti mcheza mpira wa kikapu, anachukua kilo za binti huyo, anazidisha kwa 0.10, anaandika uzito wa paja. Anamvisha binti wa miaka 20 paja la mzee marehemu wa Kimarekani. Na desimali zipo zote, zinaonekana za kisayansi kabisa!

Wamarekani wenyewe waliliona tatizo. Charles Clauser na wenzake walichapisha maiti 13 mwaka 1969, na Chandler na wenzake wakachapisha 6 mwaka 1975. Hebu jumlisha hao niliowataja: 2 wa Harless, 3 wa Leipzig, 8, 13 na 6. Ni watu 32 katika miaka 115. Hakuna mwanamke hata mmoja. Kazi ya Chandler ilikuwa na mkono wa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, waliotaka midoli ya kugongeshea magari iwe na uzito unaofanana na wa mtu. Kwa hiyo kiti na mkanda wa gari lako vina uhusiano wa mbali na maiti hao. Mwaka 2011 watafiti wa Virginia wakiongozwa na Dipan Bose waliripoti kuwa dereva mwanamke aliyefunga mkanda alikuwa na uwezekano wa asilimia 47 zaidi wa kuumia vibaya kuliko dereva mwanamume katika ajali zinazofanana. Sababu ziko nyingi na si jedwali peke yake, lakini mdoli wa kiume kutawala majaribio kwa miaka mingi haukuwa msaada.

Wengine wakasema tuachane na maiti, tutumie jiometria. Mwaka 1964 Ernest Hanavan, akifanya kazi kwa jeshi la anga hilo hilo, alimjenga mtu kwa maumbo 15: mapaja na miundi ni koni zilizokatwa ncha, viganja ni mipira, kichwa ni yai. Unampima mtu kwa futi kamba, kompyuta inakupa mengine. Herbert Hatze, aliyekuwa akifanya kazi Pretoria, alifika mbali zaidi mwaka 1980: vipande 17 na vipimo 242 kwa mtu mmoja, zoezi la dakika 80 kwa mpimaji aliyezoea. Dakika 80 umesimama na chupi unapimwa mzunguko wa kila kitu! Modeli ya Fred Yeadon ya mwaka 1990, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanasarakasi na warukaji, ilitosheka na vipimo 95. Tatizo la njia zote hizi ni moja. Futi kamba inajua umbo, haijui ndani kuna nini. Lazima uamue kila lita ya paja ina kilo ngapi, na idadi hiyo umeitoa wapi? Kwa maiti wa Dempster au wa Clauser. Umemkimbia marehemu mlangoni, amekusubiri dirishani.

Hatua iliyowahamisha watu kweli ilitoka Moscow. Vladimir Zatsiorsky na Viktor Seluyanov waliwalaza watu wazima hai na kuwapitishia mionzi ya gama kwa kiwango kidogo. Mionzi hupungua kulingana na masi inayokutana nayo, kwa hiyo ukihesabu iliyopita unapata kilo za kila sehemu, na unaweza kujumlisha ukalinganisha na mzani wa kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1983 yalikuwa ya wanaume 100, na baadaye wakaongezwa wanawake 15. Vijana, wengi wao wanamichezo. Wanawake wale walikuwa na wastani wa miaka 19 na urefu wa sentimeta 173.5, mabinti warefu kwelikweli.

Na paja la mwanamume wa Moscow? Asilimia 14.16.

Subiri. Dempster alisema 10. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni tofauti kati ya kilo 7.0 na kilo 9.9. Karibu kilo tatu za nyama zimepotea kati ya Michigan na Moscow. Sehemu ya tofauti ni uzee na kukonda: miguu ndiyo huisha kwanza. Lakini sehemu kubwa ni swali ambalo mtoto angeliuliza: paja linaanzia wapi? Dempster alikata karibu na kiungo cha nyonga. Warusi walipitisha mstari wao wa mshazari juu zaidi, na sehemu ya kalio ikahesabiwa kuwa paja. Ni kama wilaya mbili zinazogombania kata. Idadi ya watu wa mkoa haijabadilika, ila kila mkuu wa wilaya ana takwimu zake. Ndiyo maana kuchanganya jedwali mbili, kuchukua paja la huyu na kiwiliwili cha yule, ni kosa baya kuliko kutumia jedwali bovu moja. Utajumlisha mwili upate asilimia 96 au 104.

Warusi nao walipima kutoka alama za mifupa inayoguswa juu ya ngozi, wakati kamera za maabara hufuata vitovu vya viungo. Ilibidi Mwitaliano Paolo de Leva akae mwaka 1996 na kuyahamisha mahesabu yote ili yatumike. Toleo lake ndilo linalotumika sana leo.

Sasa swali la mwandishi wa habari: utajuaje jedwali lipi linasema kweli kwa mtu huyu aliye mbele yako, bila msumeno?

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kumrusha. Mtu akiruka, kuanzia nyayo zinapoacha ardhi hadi anapotua, hakuna kinachomgusa isipokuwa uvutano wa dunia na hewa kidogo. Kitovu chake cha uzito lazima kifuate tao la jiwe lililorushwa, hata kama mikono na miguu inapepea namna gani. Basi mpige picha, weka uzito wa vipande kutoka kwenye jedwali, kokotoa kitovu cha uzito. Kikifuata tao, vizuri. Kikianza kucheza kila anaporusha mkono, basi jedwali lako (au kamera yako) linadanganya. Momenta ya mzunguko nayo haiwezi kuongezeka wala kupungua angani. Hakuna rushwa hapo. Siku hizi kuna pia mashine za eksirei za aina mbili zinazotumika kupima mifupa. Watafiti wa Kanada, Jennifer Durkin na wenzake, walionyesha mwaka 2002 kuwa zinaweza kutoa masi ya vipande kwa mtu aliye hai. Tatizo ni kwamba hukuona kwa juu tu, kama kivuli, hivyo upande wa tatu unabaki kuokotezwa.

Je, makosa haya yana madhara? Inategemea, na hapa watu wengi hukuza mambo. Mtu akiwa amekanyaga chini anatembea taratibu, nguvu ya sakafu ni kubwa mno kiasi kwamba ukikosea uzito wa wayo hesabu ya kifundo haitikisiki. Mguu ukiwa hewani, au mtu akikimbia kasi, sakafu haipo kukufichia aibu. Hapo kila gramu unayokosea inaonekana nyongani.

Na kukimbia ndiko kunakotuhusu. Myers na Steudel walionyesha mwaka 1985 kuwa mzigo ule ule ukifungwa kiunoni hugharimu kidogo, ukishushwa kwenye vifundo vya miguu hugharimu zaidi sana. Ule mchi tena. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990, Bengt Saltin na wenzake wa Skandinavia walipoanza kuwapima wakimbiaji wa Kikalenjin, mazungumzo yamerudi mara kwa mara kwenye mashavu yao membamba ya mguu. Huenda ni kweli ni sehemu ya jibu. Lakini ukiitaka sababu hiyo huwezi kuitafuta kwa jedwali linalomgawia kila binadamu asilimia 4.33 ya muundi, maana tofauti unayoitafuta umeshaifuta kabla hujaanza. Filbert Bayi aliyekimbia mita 1500 kwa 3:32.2 kule Christchurch mwaka 1974 angepewa muundi ule ule wa mwanafunzi wa Moscow.

Utafiti mzuri kuliko wote uliofanyika kwetu ulikwepa jedwali kabisa. Mwaka 1986, Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature kuwa wanawake wa Kiluo na Kikuyu waliozoea kubeba mizigo, wa kwanza kichwani na wa pili kwa mshipi wa kwenye kipaji, waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia oksijeni ya ziada. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake wakaeleza vipi: kitovu cha uzito hupanda na kushuka kila hatua, na akina mama hao wakibebeshwa mzigo walikuwa hodari zaidi kuibadilisha nguvu ya kupanda iwe nguvu ya kwenda. Walikipataje kitovu hicho? Kwa mabamba ya sakafuni, kutoka nguvu kwenda mchapuko, kutoka mchapuko kwenda mwendo. Mwili mzima, hakuna kugawa vipande, hakuna marehemu wa Leipzig. Mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake waliwapima wanawake wa Kixhosa Afrika Kusini na hawakuukuta unafuu huo kwa kundi zima. Tofauti kati ya mtu na mtu zilikuwa kubwa mno.

Nimalizie na walio na haki ya kwanza ya kulijua jibu: waliokatwa miguu. Moshi, pale KCMC, kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, na fundi yeyote atakuambia mguu bandia wa chini ya goti ni mwepesi kuliko ule uliopotea. Jedwali linashawishi kitu kinachoonekana dhahiri: ongeza uzito, uweke mahali sahihi, miguu miwili ilingane, mtu atembee sawasawa. Mwaka 2000 Scott Mattes, Philip Martin na Todd Royer walijaribu hivyo hivyo. Waliongeza uzito kwenye mguu bandia mpaka masi na momenti ya inesha vikalingana na vya mguu mzima. Waliovaa walitumia nguvu nyingi zaidi, na hatua zao zikazidi kutofautiana kulia na kushoto.